Dobi Anataka Siku Nzima

Ulimwona. Usiniambie hukumwona jana, maana ulivuta miguu yako chini ya kiti ili kapu lake lisiguse suruali yako. Lilikuwa kapu la vitambaa vichafu, kubwa kuliko yeye, na alikuwa akilisukuma kwa tumbo katikati ya meza zenu kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na masanduku ya mapambo. Ulimwona, kisha ukageukia orodha ya vyakula ukaisoma kama mtu mwenye mtihani kesho. Kile kitambaa ulichofutia mchuzi mdomoni hukuuliza nani alikifua. Ulidhani kilizaliwa cheupe.

Basi kaa hapo hapo ulipo, nikusimulie. Utacheka, kwa sababu kisa chenyewe kinachekesha na watu wake ni wachekaji kuliko wewe. Ila usichukue kicheko ukadhani ni msamaha.

Mwanamke yule ni dobi wa hoteli, na kila mtu humwita hivyo hivyo, Dobi, hata mumewe akiwa na mapenzi. Mumewe ni fundi wa kupaka rangi. Kwa miezi mingi kabla ya Krismasi hii hakuwa amepaka hata mlango, kwa kuwa wenye nyumba waligundua kwamba ukuta uchafuke usichafuke, paa halianguki. Wana binti mmoja wa miaka tisa, jina lake la nyumbani Kiherehere, na ukikaa naye kidogo huulizi kwa nini. Wa nne ni Bibi, mama mzazi wa Dobi, mwenye magoti yanayolia kama bawaba na ulimi usiohitaji kutiwa mafuta. Wote wanne wanaishi katika chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia: kitanda huku, kitanda kule, na meza katikati.

Tangu Kiherehere azaliwe, mama yake hajapata kuwa nyumbani siku ya Krismasi. Sikukuu ndipo hoteli inapojaa, na hoteli ikijaa, vitambaa havikauki. Chumba cha kufulia kina utaratibu wake: kila mwaka dobi mmoja tu ndiye hupewa Krismasi. Mmoja. Kundi zima la wanawake linatupiwa mfupa mmoja, halafu msimamizi anasimama pembeni akijisifu jinsi anavyowajali. Mwaka huu mfupa ulikuwa wa Dobi.

"Siku nzima?" aliuliza Kiherehere, penseli mdomoni.

"Siku nzima."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi si sehemu ya siku, mwanangu?"

"Mwaka jana ulisema siku nzima, ukaja taa zimeshawashwa."

"Mwaka jana nilisema nitajaribu."

"Bibi, mama alisemaje mwaka jana?"

"Usiniingize kwenye kesi yenu, mke mwenzangu," alisema Bibi kutoka kitandani. "Mimi ni shahidi mzee. Nikipanda kizimbani nasinzia."

Kiherehere akatafuna penseli, akafikiri. Kisha akauliza, bila lawama yoyote, kama mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi: "Mama, kwani Krismasi ya watu wakubwa huwa lini?"

Dobi alivuta sufuria karibu. Fundi ndiye aliyemwokoa. "Ya watu wakubwa imeahirishwa," alisema. "Tunasubiri watutangazie."

Walicheka wote. Lakini Dobi aliendelea kulitafuna swali lile hata alipokuwa akikwangua sufuria kwa mwiko. Alipokuwa na umri wa binti yake, Krismasi ilikuwa furushi. Bibi alikuwa mpishi kwenye nyumba ya watu, na jioni ya sikukuu alirudi na furushi la karatasi lenye vipande vya kuku, keki iliyovunjika kona na mara nyingine chungwa zima. Dobi mdogo alilirukia lile furushi kama paka. Hakuna mtoto mtaani aliyekuwa na Krismasi inayotembea kwa miguu mpaka mlangoni kwao.

Halafu akawa msichana, akaona kwamba ule mfupa wa kuku ulikuwa na alama za meno. Mwaka huo alikataa kula. Bibi hakumgombeza. Alikaa upande wake wa meza akala peke yake, polepole, akiusifia ule ukoko wa keki. Baadaye Dobi akapata kazi ya kufua, akapata mtoto, na Krismasi moja akajikuta anarudi nyumbani na furushi la karatasi kwapani. Alisimama njiani akalitazama. Akawatupia mbwa. Tangu siku hiyo huja mikono mitupu, na amejiapiza kwamba atakachomletea mtoto wake siku moja ni yeye mwenyewe, mzima, tangu jua linapochomoza.

Ndiyo maana siku nzima ile ilikuwa na uzito. Haikuwa likizo. Ilikuwa deni ambalo hoteli ndiyo iliyolikopa na yeye ndiye aliyedaiwa.

*

Siku mbili kabla ya Krismasi, Fundi aliingia chumbani na mfuko mweusi na uso wa mtu aliyeokota kitu asichojua kama ni halali.

"Nimepata kazi," alisema.

"Nyumba ya nani?" aliuliza Dobi.

"Si ya rangi. Hoteli kwenu. Baba Krismasi wao wa kila mwaka amevunjika mguu. Wamenichukua mimi. Asubuhi tu, nikimaliza kugawa pipi nakuja zangu."

Kiherehere akaanguka chini kwa kucheka, akajiviringisha mpaka chini ya meza. "Baba? Mwembamba hivyo?"

"Watanijaza mto."

"Mto mmoja hautoshi, baba. Utahitaji godoro."

Bibi aliamuru avae vazi lililomo mfukoni alione. Fundi akasita, kwa sababu kuna mambo ambayo mwanamume hafanyi mbele ya mama mkwe, na kuvaa tumbo la bandia ni mojawapo. "Mkwe, toka huko nyuma ya pazia," alisema Bibi. "Mimi nimeshaona mengi. Nimemwona na babake huyu akijaribu kucheza muziki."

Pazia likafunguka. Kwanza iliingia harufu. Lile vazi jekundu lilikuwa limekaa mwaka mzima stoo, nyuma ya mapipa ya mafuta yaliyokaangiwa samaki, na sasa lilinuka kama samaki mwenyewe amelivaa. Kisha akaja Fundi, mto tumboni, ndevu za pamba zimepinda kuelekea sikio, suruali imeishia chini kidogo ya magoti.

"Mkwe," alisema Bibi baada ya kumwangalia vizuri, "vazi hilo limekwisha kufa. Lizikwe kabla wafiwa hawajaongezeka."

"Meneja amesema lifuliwe. Nilifue mwenyewe, nyumbani. Hoteli haigharamii."

"Nitalifua," alisema Dobi, bila kugeuka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akijipaka mafuta mikononi. Mikono yake ilikuwa imepasuka katikati ya vidole kwa dawa ya sabuni, na kila akikunja ngumi mipasuko ilifunguka kama midomo midogo.

Fundi aliitazama ile mikono. "Huligusi," alisema. "Nitajua mwenyewe."

Ni maneno mazuri hayo. Mwanamume akimwambia mkewe nitajua mwenyewe, mke ana haki ya kuanza kuogopa.

*

Sasa nikupeleke usikowahi kwenda, ingawa ni chini tu ya kiti chako. Unashuka ngazi, unapita jiko, unapita majokofu, unafika kwenye mlango wa bati. Ndani kuna joto la kutosha kupika yai juu ya meza. Kuna mashine moja kubwa yenye mlango wa kioo cha duara, masinki ya kufulia kwa mkono, kamba, na meza ndefu ya pasi. Meneja alikuwa ameweka amri: mashine haiwashwi mpaka ijae. Umeme ghali, maji ghali, sabuni ghali. Kitu pekee cha bei nafuu chumbani humo ni wanawake wenyewe.

Mkesha wa Krismasi, Dobi alikuwa anaimba. Msimamizi, ambaye madobi walimwita Funguo kwa sababu ya furushi la chuma lililomning'inia kiunoni, alikuwa amemwambia wazi: vitambaa vyote vya meza na vya mdomo vya chakula cha kesho vikiwa tayari leo, wewe kesho usionekane hapa. Dobi alikuwa amekwisha jaza mashine zaidi ya nusu. Vilibaki vitambaa vya ukumbi mdogo juu, na kwa kuwa amri ni amri, aliuacha mlango wa mashine wazi akapanda kuvifuata.

Dakika hiyo ndipo Fundi alipopita na mfuko wake mweusi. Alikuwa ameitwa kuja kujaribishwa namna ya kucheka. Alichungulia kwenye mlango wa bati, hakumwona mkewe, wenzake walikuwa wamegeukia masinki, akaona mashine iko wazi na ina nafasi. Mtu mwenye nia njema akiona nafasi ni hatari kuliko mwizi. Akawaza: huyu mama wa watu atafuliwa na mashine yake mwenyewe, kesho nitavaa safi, na ile mikono itapumzika. Akalisukuma vazi mpaka chini kabisa, akalifunika vizuri na vitambaa vyeupe ili wenzake wasimsengenye mkewe kwamba analeta nguo za nyumbani. Akaondoka anapiga mluzi.

Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote amewagombeza vibarua kwamba tone moja la nyekundu huharibu ndoo nzima ya nyeupe. Lakini nyumbani kwake nguo zote hufuliwa kwenye beseni moja, nyekundu na nyeupe na za shule, tena kwa maji baridi, na haijapata kutokea kitu. Utaalamu wake ulikuwa wa kuta. Haukujua kushuka kwenye nguo.

Dobi alirudi, akajaza, akafunga, akawasha maji ya moto.

Wa kwanza kuona alikuwa Mama Kicheko, dobi wa masinki, mwanamke mnene ambaye hukaa mbele ya kile kioo wakati wa chai kama watu wanavyokaa mbele ya televisheni. Aliinamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. "Dada," alisema, "hebu njoo. Kuna mtu anachinjwa humu ndani."

Dobi alikimbia. Nyuma ya kioo maji yalikuwa yanazunguka mekundu, mazuri, na vitambaa vinazunguka ndani yake vikipungiana mikono. Kisha, polepole, mguu mmoja wa suruali nyekundu ukajibandika kwenye kioo, ukawasalimu, ukazama.

"Ana suruali," alisema Mama Kicheko. "Marehemu ana suruali."

Walipofanikiwa kuizima na kuifungua, wanawake wote wakawa wamezunguka. Dobi alitoa kitambaa cha kwanza. Pinki. Akatoa cha pili. Pinki. Akavuta kingine kutoka katikati akidhani huenda huko moto haujafika. Pinki mpaka kwenye pindo, safi kabisa, kama fizi za mtoto mchanga. Mwishoni likatoka vazi lenyewe, limepauka, na manyoya ya shingoni ambayo zamani yalikuwa meupe nayo yakiwa yamejiunga na wengine.

Nani alianza kucheka hakuna anayekumbuka. Lakini kicheko kikishika watu waliochoka hakiwaachii. Walicheka mpaka wakaketi sakafuni kwenye maji. Mama Kicheko alijifunga kitambaa kichwani akatembea kama bibi harusi. Hata Mpiga Pasi, mwanamke mkimya ambaye wengine waliamini ni bubu, mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Dobi alicheka kuliko wote. Alicheka huku ameshikilia lile koti lililolowa kifuani, na ndipo wenzake walipomtazama vizuri wakaona kwamba kicheko kilikuwa kimekwisha zamani, yaliyobaki yalikuwa machozi.

"Nimemwambia siku nzima," alisema. "Nimemwambia na asubuhi."

*

Funguo aliingia akilia kiunoni. Alitazama vitambaa, akatazama madobi, akatazama vitambaa tena. "Hii ni nini?"

"Ni pinki," alisema Mama Kicheko.

"Naona kwamba ni pinki. Nauliza ni nini."

Fundi alitokea mlangoni wakati huo, amevaa fulana, mto bado umefungwa tumboni kwa kamba, ndevu mkononi. Alikuja kuchukua vazi lake. Alitazama lundo lile, na kwa kuwa ni mtu wa rangi, alielewa kabla hajaambiwa. 

"Mke wangu," alisema.

"Usiniite."

"Nilitaka kukupunguzia."

"Umenipunguzia," alisema Dobi. "Umepunguza mpaka hakuna kilichobaki."

Funguo hakuwa na muda wa mambo ya ndoa. "Basi Dobi, kesho uko kazini. Utavifua kwa mkono mpaka virudi vyeupe. Na siku yako anapewa huyu." Akamwonyesha Mama Kicheko kidole. "Kesho wewe usije."

Sasa nikukumbushe kitu. Mama Kicheko alikuwa ameitamani siku hiyo kwa miaka. Mwaka juzi yeye na Dobi waliacha kusalimiana mwezi mzima kwa ajili yake. Ndivyo mfupa mmoja unavyofanya kazi: anayeutupa haumwi, wanaoutafuta ndio wanaoumana.  Mama Kicheko alitazama koti lililolowa mikononi mwa mwenzake.

"Sitaki," alisema.

"Hutaki Krismasi?"

"Naitaka sana. Ila sili kitu kilichotolewa mdomoni mwa mwenzangu. Kina mate."

Funguo akamgeukia mwingine, naye akatazama dari. Akamgeukia mwingine, naye akainamia soksi yake. Mwisho akamwambia Mpiga Pasi, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, "Haya, wewe basi."  Mpiga Pasi alinyoosha mkono akachomoa pasi ukutani, akazungusha waya wake taratibu, akaiweka juu ya meza kama mtu anayelaza mtoto.

  

Ndipo Meneja akashuka. Viatu vyake havikuwa vya sakafu ile, akawa anatembea kama kuku kwenye matope. Aliambiwa. Alishika kitambaa kwa ncha za vidole.

"Leteni vya akiba."

"Hakuna, bosi," alisema Funguo. "Ulisema akiba ni gharama."

"Basi tieni dawa ya kung'arisha."

"Imeisha. Ulisema tutanunua mwaka mpya."

"Rangi ikishapikwa hairudi, bosi," alisema Fundi kwa unyenyekevu. "Mimi ni fundi. Hapo labda ukipaka juu."

"Wewe nani?"

"Baba Krismasi, bosi. Mimi ndiye niliyeliweka vazi humo."

Meneja akamtazama kuanzia ndevu hadi mto. Mtu angeweza kumwona akipiga hesabu: huyu nikimfukuza, kesho watoto wa wageni watakalia paja la nani?  "Huyu mwanamke abaki," alisema. "Abaki leo, na kesho, mpaka nione cheupe."

Dobi aliweka lile koti chini. Mikono yake ilikuwa pinki mpaka kwenye viwiko. Aliogopa, usidhani hakuogopa. Mtu mwenye chumba kimoja na vinywa vinne huogopa kwa ajili ya vyote. Lakini aligeuka akaona wenzake wamesimama nyuma yake, na pasi imelala.

"Bosi, kuna njia moja," alisema. "Hivi vitakauka na kupigwa pasi jioni hii hii. Vikae mezani kama vilivyo. Ni safi, ni vizima, havina kosa ila rangi. Kesho chumba hiki kinafungwa. Sisi sote. Vya kesho tutavifua keshokutwa. Uchafu haukimbii."

"Wote?" Funguo alicheka kidogo. "Haijapata kutokea."

"Na pinki haijapata kutokea," alisema Mama Kicheko.

"Mnanitishia?" aliuliza Meneja.

Jibu lilitoka mezani, kwa sauti ambayo wengi walikuwa hawajapata kuisikia, nyembamba na tulivu. "Hapana, bosi," alisema Mpiga Pasi. "Tunakupa habari."

Juu yao viti vilikuwa vinaburutwa. Wageni wa mkesha walikuwa wameanza kuingia. Meneja alitazama dari, akatazama saa, akaitazama ile pasi kama mtu anayebembeleza mbwa wa jirani. Hapakuwa na mtu mwingine katika jengo lile lote aliyejua kukunja kitambaa kikasimama mezani. Hilo hakuwa amepata kulifikiria mpaka siku hiyo.

"Fungeni kesho," alisema. "Kesho tu." Lakini watu wa namna yake hawatoi kwa mkono huu bila kupokonya kwa ule. Akamgeukia Fundi. "Wewe hutoki asubuhi. Utakaa mpaka mgeni wa mwisho aondoke, hata kama ni jioni. Malipo ni yale yale."

Dobi akataka kusema. Fundi akamwahi. "Sawa, bosi. Niliyefua ni mimi, acha nianikwe mimi."

Mpiga Pasi akachomeka pasi.

Unajua yaliyofuata leo mezani, ulikuwepo. Meneja alisimama katikati ya ukumbi akawaambia kwamba mwaka huu hoteli imeamua kuja na rangi ya waridi, rangi ya upendo. Nawe ukapiga makofi.

*

Asubuhi ya Krismasi Dobi aliamka na giza kama kawaida, akakaa kitandani, akagundua kwamba hana pa kwenda. Fundi alikuwa akijifunga mto. Walitazamana, wakaanza kucheka kimyakimya, wakizibana midomo ili wasiamshe watu, mpaka ndevu zikaanguka.

"Nenda, mzee," alisema Dobi. "Usiwale watoto wa watu."

Alipokwenda, Dobi hakujua afanye nini. Alifagia. Akafagia tena. Akaona shuka, akatafuta beseni ili azifue. Bibi alikuwa amelikalia.

"Mama, inuka."

"Siinuki. Leo hili ni kiti."

"Mama, nikikaa bure naumwa."

"Umwa. Mimi nilikuwa hivyo hivyo." Bibi alilipiga beseni kwa kiganja. "Nilipoacha kazi kwa wale watu, Krismasi ya kwanza nilisimama jikoni kwangu nikilia kwamba hakuna sahani za kuosha. Ukiwa mdogo sikukuu ni mdomo wazi tu, unasubiri utiwe. Ukiwa na mtoto ni mgongo. Sasa hivi mimi nataka vichwa. Nikiviona vichwa vyenu humu ndani vyote, hata mkinipa maji matupu nimeshiba. Leo kimoja hakipo, kiko huko kinavutwa ndevu. Lakini wewe upo. Kaa."

Dobi akakaa. Kiherehere akaamka, akamwona mama yake mchana kweupe, akasogea akamgusa bega kwa kidole kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto.

"Upo."

"Nipo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ulale."

Basi mtoto akapagawa. Alimvuta mama yake huku na huku. Alimwonyesha jinsi anavyoruka kwa mguu mmoja, jino lililolegea, ufa wa ukutani unaofanana na mwalimu wao. Walikunywa chai wakala mkate. Walisukana nywele, na Bibi naye akasukwa kwa nguvu, nywele zake chache zikasimama kama brashi ya kuogea, wakacheka mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini. Dobi alijikuta anaruka kwa mguu mmoja. Hakuwa ameruka tangu alipokuwa wa kuruka.

Jua lilipoanza kuegemea, Kiherehere alichukua mkeka, akautandika kizingitini, akakaa. Akapigapiga nafasi iliyo kando yake.

"Mama, njoo. Sasa ndiyo Krismasi yenyewe."

"Ipi?"

"Hii. Tunakaa hapa tunakusubiri. Kila mwaka. Bibi anakaa pale, mimi nakaa hapa, tunaangalia kona ile. Mtu akitokea tunasema ni mama, halafu si mama. Inachekesha. Anayekosea mpaka akainuka anafungwa." Akamtazama mama yake akaona uso umebadilika, akaharakisha kumtuliza. "Leo wewe upo, kwa hiyo tutamsubiri baba. Ni ile ile. Utaipenda."

Dobi alimtazama mama yake. Bibi aliinua mabega. "Kumbe ulidhani tunafanya nini?"

Akakaa. Alikaa kizingitini pembeni ya binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa akaiona ile kona kutoka upande huu. Ilikuwa mbali. Akatokea mtu mwembamba, Kiherehere akasema ni baba, hakuwa baba. Akatokea mwingine, Bibi akasema ni mkwe, hakuwa mkwe, na Kiherehere akacheka akaandika alama kwenye vumbi. Akatokea wa tatu, na Dobi, bila kujijua, akainuka nusu na kusema kwa sauti kubwa, "Huyo." Alikuwa muuza magazeti.

"Mama umefungwa," alisema Kiherehere, akimwegemea, mwenye furaha isiyo na kasoro. "Umeona? Hujui kusubiri. Nitakufundisha."

Wako pale sasa hivi.

Naye wanayemsubiri yuko hapo ulipo, karibu na mti wa plastiki, mto umemteremka hadi mapajani, na mtoto wako bado amekalia goti lake ingawa pipi zilikwisha zamani. Ametabasamu tangu asubuhi. Ameambiwa akitoka mgeni wa mwisho ataruhusiwa, na mgeni wa mwisho ni wewe, unayeongeza kinywaji kimoja ambacho hata huna kiu nacho. Weka glasi chini. Mshushe mtoto. Pita jikoni umwone na anayeosha hiyo glasi, mwulize nani anamsubiri, halafu nyumbani kwako mwambie huyo binti wa kazi anayekuandalia kitanda kwamba kitanda utatandika mwenyewe. Usiseme mwakani. Usimpe furushi. Simama, chukua koti lako, toka, ili mtu yule aweze kutoka.

Mbona bado umekaa?